Mkono unaowaka baada ya upasuaji wa titi: uanze na kipi?

Kwenye droo ya kabati langu, hapa Tabata, kuna pakiti ya vitamini B iliyoliwa nusu, tyubu mbili za diklofenaki ya kupaka, chupa ya mafuta ya karafuu niliyopewa na mama mkwe, vidonge vidogo vya amitriptilini, na kipande cha kanga kuukuu nilichokikata ukubwa wa leso. Vyote viliingia humo kwa ajili ya mkono wangu wa kulia, uliobaki unawaka baada ya kuondolewa titi na tezi za kwapani kwa ajili ya saratani. Vilivyonifaa ni viwili vya mwisho. Nilivifikia baada ya miezi minane, kwa sababu muda wote huo nilikuwa nauliza, "Dawa gani nzuri ya maumivu?" Nilitakiwa kwanza nijiulize ni maumivu yapi, na yananikamata saa ngapi.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha dawa na dawa, tulinganishe mkono na mkono.

Mikono haifanani

Kuna mshipa wa fahamu unaochomoza katikati ya mbavu za juu, ukakatiza kwapani, ukaenda kuishia kwenye ngozi ya upande wa ndani wa mkono, kati ya kwapa na kiwiko. Daktari anapotoa tezi za kwapani, mshipa huo umelala palepale anapopita. Kuna anayeweza kuukwepa, kuna unapovutika, na kuna unapokatwa kwa kuwa hakuna namna. Ukishaumia, ngozi yake inakufa ganzi, kisha juu ya ganzi hiyohiyo panazuka mambo: moto, shoti kama ya umeme, sisimizi wanaotembea, na lile jambo ambalo ukimsimulia mtu anakutazama tu, kwamba upindo wa gauni ukikugusa unaruka, lakini ukijifinya husikii kitu. Wengine titi ambalo halipo linawawasha. Si uchawi wala si wazimu; ubongo bado unayo ramani ya zamani.

Na si jambo la wachache. Utafiti mkubwa wa Denmaki uliochapishwa mwaka 2009 uliwauliza wanawake zaidi ya 3,200, takriban miaka miwili baada ya upasuaji. Asilimia 47 walikuwa bado na maumivu, na asilimia 58 walikuwa na ganzi au hisia zilizovurugika. Waliosafishwa kwapa lote, yaani kutolewa tezi zake, waliopigwa mionzi, na wenye umri wa chini ya miaka 40 ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi. Hapa kwetu wengi tunafika hospitali ugonjwa umeshasogea, kwa hiyo kusafishwa kwapa na kupigwa mionzi ni njia ya wengi wetu.

Sasa ushike mkono wako uuchunguze. Moto na shoti vinavyozidi usiku, mtu ukiwa umelala kimya, hayo ni maumivu ya mshipa wa fahamu, na vidonge vina nafasi hapo. Ngozi isiyotaka kuguswa na nguo ni shida ya mshipa huohuo, ila inasikia zaidi mazoezi ya kuizoesha kuliko kidonge. Ukinyoosha mkono ukaona kamba ngumu imekakamaa chini ya ngozi, kutoka kwapani kuelekea kiwikoni, hiyo ni kamba kweli, hujitokeza wiki chache baada ya upasuaji na dawa yake ni kunyooshwa. Mkono kuwa mzito, bangili kubana, pete kutotoka: hayo ni maji ya limfu yamekwama, na tiba yake ni nyingine kabisa, soksi ya mkono ya kubana ikiwemo. Ganzi inayoshika vidole vya mikono yote miwili na miguu yote miwili mara nyingi ni dripu za kemo, zile dawa za kuua saratani, zimeiacha, hasa paklitakseli. Na viungo vinavyouma asubuhi kama vya bibi wa miaka 90 vinaweza kuwa ni kazi ya vidonge vya kupunguza homoni kama letrozoli au anastrozoli.

Jambo moja ulishike kabla hatujaendelea. Mshipa niliousimulia kazi yake ni kuhisi tu, hauendeshi msuli wowote. Kwa hiyo ukiona chaki inakuponyoka, kijiko kinaanguka, vidole havina nguvu, hapo si suala la kuchagua dawa mtandaoni, ni la kurudi kwa daktari. Rudi vilevile ukiona kinundu kwenye kovu, au maumivu mapya ya mfupa yasiyopoa hata ukipumzika. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, nenda siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu.

Amitriptilini au gabapentini

Hizi ndizo dawa mbili utakazozisikia zaidi, na ndipo uchaguzi wa kweli ulipo.

Amitriptilini ni dawa ya zamani ya sonona. Siku niliyokwenda kuichukua, kijana wa duka la dawa alinigeuzia cheti mara mbili: "Mama, hii ni ya msongo wa mawazo, una uhakika ndiyo uliyoandikiwa?" Nilikuwa na uhakika. Kwa kipimo kidogo, miligramu 10 au 25 usiku, inatuliza mishipa ya fahamu hata kwa mtu mwenye furaha zake. Daktari huipandisha taratibu, na kwa maumivu ya aina hii mara chache huvuka 75. Imo kwenye Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, na ni miongoni mwa dawa za bei nafuu utakazonunua katika safari hii nzima.

Ubaya wake unakuja kabla ya uzuri. Siku ya kwanza mdomo unakauka kama umelamba unga, choo kinakuwa kigumu, na asubuhi kichwa kimejaa pamba. Nafuu inaanza wiki ya pili au ya tatu. Ndiyo maana wengi wanaitupa siku ya nne na kuwaambia wenzao haifanyi kazi. Mimi kipindi changu cha kwanza darasani kinaanza saa moja na nusu asubuhi. Wiki ya kwanza niliandika ubaoni sentensi ambayo watoto walinisahihisha. Nilikuwa naimeza saa nne usiku nikipanda kitandani. Daktari akasema niimeze saa mbili, nikimaliza kula, na ukungu wa asubuhi ukapungua sana. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwenye sehemu hii, chukua hicho cha saa mbili.

Haiwafai wote. Mwenye presha ya macho, mwenye moyo unaopigapiga bila mpangilio, na mzee ambaye mkojo wake tayari unasuasua, waseme mapema kabla hawajaandikiwa.

Gabapentini ni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kifafa. Huanza miligramu 300 usiku, ikapandishwa mpaka mara tatu kwa siku, na wengi hupata nafuu kuanzia miligramu 900 kwa siku na kuendelea. Haikaushi mdomo namna ile, haigombani na moyo, na haina ugomvi na dawa nyingi. Inapitia kwenye figo, kwa hiyo wenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo. Kizunguzungu inacho, usingizi inao, na baadhi ya watu huvimba miguu. Ukiwa na mazoea ya kutafuna vidonge vya kiungulia vyenye magnesiamu na alumini, kama tulivyo wengi baada ya mihogo ya kukaanga, acha saa mbili zipite ndipo umeze gabapentini, vinginevyo tumbo halitaipokea yote.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu, amitriptilini inashinda kwa nguvu na kwa mfuko. Tathmini kubwa ya kimataifa ya mwaka 2015, iliyokusanya majaribio ya maumivu ya mishipa ya kila aina, ilikuta kwamba kwa kila watu karibu 4 wanaopewa dawa za ukoo wa amitriptilini, mmoja anapata nafuu ya maana ambayo asingeipata kwa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Kwa gabapentini ni mmoja katika 6 au 7, na kwa pregabalini, mdogo wake gabapentini, mmoja katika karibu 8. Maana yake nyingine ni kwamba hata iliyo bora inawapita watu watatu kati ya wanne, kwa hiyo ikikukosa usidhani wewe ndiye mwenye kasoro. Hesabu ya mfuko ni rahisi: kidonge kimoja usiku ni vidonge 30 kwa mwezi, mara tatu kwa siku ni 90. Pregabalini humezwa mara mbili na huonyesha haraka kidogo kama itakufaa au la, lakini nayo inaweza kuvimbisha, na mwili unaweza kuizoea.

Gabapentini inashinda pale amitriptilini isipoweza kuingia: macho, moyo, au mkojo. Yoyote utakayochagua, ipe wiki 4 hadi 6 kwenye kipimo kinachofaa kabla ya kuihukumu, na usiiache kwa ghafla siku moja. Hupunguzwa kama ilivyopandishwa.

Kuna tahadhari ya tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni isichochee saratani ya titi. Wengi wetu tunaimeza miaka mitano au zaidi, na ini ndilo huibadilisha iwe na makali. Dawa fulani za sonona, hasa fluoksetini na paroksetini, zinazuia ubadilishaji huo. Amitriptilini haimo kwenye kundi la wazuiaji wakali, lakini daktari anayekuandikia dawa ya maumivu si lazima awe ndiye aliyekuandikia tamoksifeni, kwa hiyo mtajie wewe. Mimi nilipiga picha ya dawa zangu zote kwa simu, nikawa naionyesha kabla hata sijasalimiwa.

Vile vinavyopatikana dirishani bila maswali

Vitamini B ndiyo mfalme wa maduka ya dawa ya Dar. Ukisema tu "ganzi", unapewa. Kama kweli una upungufu wa vitamini hiyo, itakusaidia. Kama mshipa wako ulikatwa na kisu, vitamini haiuungi. Na B6 kwa kipimo kikubwa kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuharibu mishipa ya fahamu, yaani unanunua ganzi kwa pesa yako. Mimi nilikula kwa miezi mitatu, sikuona lolote.

Diklofenaki na ndugu zake wanafaa bega lililokaza au kiungo kilichovimba. Moto wa mshipa hawaugusi sana, huku tumbo, figo na presha vikilipa gharama. Panadol haina madhara makubwa ukifuata kipimo, na haina msaada mkubwa pia.

Karbamazepini, dawa nyingine ya kifafa, nayo huandikwa kwa maumivu ya mishipa. Hapa niseme wazi: kama unatumia tamoksifeni, au unatumia ARV zenye dolutegraviri, usikubali karbamazepini kabla ya kumwambia daktari. Inalifanya ini lizitoe dawa hizo haraka kuliko inavyotakiwa. Mwenye ARV, kwa maoni yangu, gabapentini ni njia iliyonyooka zaidi.

Tramadoli inatuliza kwa muda mfupi, inazoesha, na ikichanganywa na amitriptilini inaongeza hatari ya kifafa. Kama maumivu yamefika huko, mahali pake ni kliniki ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu na mateso ya ugonjwa mkubwa. Taasisi ya Saratani Ocean Road wanayo. Neno hilo linawatisha watu, wanadhani ukipelekwa tiba shufaa umeshaandikiwa kufa. Nimemwona mama anatoka pale na maumivu yaliyopungua, anapanda bajaji anarudi kuuza mchicha wake.

Kipande cha kanga au idara ya fiziotherapia

Hapa ndipo penye nafuu yangu kubwa, na hapakugharimu kitu.

Ngozi isiyotaka kuguswa inafundishwa kama mtoto wa darasa la kwanza: kidogo kidogo, kila siku, kwa kitu laini kwanza. Unaketi, unapapasa sehemu yenye shida kwa dakika 5, mara tatu au nne kwa siku, ukianzia pembeni pasipouma na kusogea katikati. Ngazi zangu zilikuwa hizi: pamba ya hospitali, kisha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka maandishi yake yamefifia, kisha fulana, kisha kitenge kipya ambacho bado kina wanga wake, kisha taulo, na mwisho dodoki. Unapanda ngazi pale ya sasa inapokuwa ya kawaida. Ikibidi ukae wiki mbili kwenye kanga, kaa. Usumbufu unaruhusiwa, maumivu yanayobaki saa nzima baada ya kumaliza yanakuambia umeruka darasa. Kitenge kilinichukua wiki tatu, dodoki nilifika mwezi wa tatu, na mpaka leo silipendi.

Hilo halihitaji mtu. Bega linahitaji. Mkono uliokumbatiwa kifuani kwa woga hukakamaa, na bega lililokakamaa huongeza maumivu juu ya maumivu. Tena wanaosubiri mionzi wanapaswa kuweza kulala na mkono umepandishwa juu ya kichwa kwenye mashine. Asiyeweza, ratiba yake inasumbuka. Mtaalamu wa fiziotherapia anakuonyesha mara mbili tatu, unabaki unafanya nyumbani: kutambaza vidole ukutani, kuning'iniza mkono na kuupunga taratibu, kunyoosha ile kamba ya kwapani bila kuivuta kwa nguvu. Mimi ukutani niliweka alama za chaki kila Jumapili. Ya kwanza ilikuwa usawa wa sikio. Watoto wangu wakaanza kubishana lini mama atafika kwenye kalenda.

Kama unaweza kupata vyote viwili, chukua vyote. Kama nauli inakubana, nenda fiziotherapia kwa ajili ya bega na kamba, ngozi ishughulikie mwenyewe nyumbani. Usilazimike kwenda Muhimbili tu; uliza hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe, Amana, Temeke au Mwananyamala, kabla ya kujipanga kuvuka jiji mara mbili kwa wiki.

Kuchuliwa, kuumikwa, kukandwa

"Mwanangu, huo mkono umeingiwa na baridi," mama mkwe aliniambia, tayari ameshakunja mikono ya gauni. "Lete nikuchue."

"Sawa mama, lakini taratibu."

Taratibu haikuwepo. Nililia, naye akalia. Baadaye mtaalamu wa fiziotherapia aliniambia kitu kilichotupatanisha: kovu lililokwisha kufunga vizuri linafaa kukandwa, ila kwa ncha za vidole, kwa vijiduara, kwa uzito wa kukanda uso wa mtoto. Tukaacha mafuta ya karafuu, kwa sababu yanachoma, na ngozi yenye ganzi au iliyopigwa mionzi haikupi taarifa inapoungua. Tukatumia mafuta ya nazi. Mama mkwe akawa ndiye mkandaji wangu rasmi, dakika kumi baada ya Isha. Sijui kovu lilinufaika kiasi gani, ila usiku huo nilikuwa nalala mapema.

Kuumikwa, au hijama, sina ugomvi nako kwa mtu mzima wa afya. Kwenye mkono uliotolewa tezi, hapana. Kunachanwa ngozi, na mkono huo umepunguziwa askari wake. Kidonda kidogo kinaweza kuleta maambukizi na uvimbe wa kudumu. Chale, vilevile hapana.

Maji ya moto ndiyo hatari inayojificha, kwa sababu yanaonekana ya upole. Kitambaa kilichochovywa kwenye maji yaliyotoka jikoni, juu ya ngozi isiyohisi, kinaacha malengelenge na wewe unaendelea kupiga soga. Pima maji kwa mkono usio na ganzi, kila mara. Pasi na jiko la mkaa ni hivyohivyo. Na kwapa lenye ganzi usilinyoe kwa wembe. Utajikata usijue mpaka uone damu kwenye taulo.

Krimu na sindano, kwa ufupi

Kuna krimu ya kapsaisini, kile kiini cha pilipili, ya asilimia 0.025 au 0.075. Inapakwa mara tatu au nne kwa siku kwa wiki kadhaa. Mwanzoni inaunguza zaidi ya ugonjwa wenyewe, kisha mishipa inachoka kulalamika. Kwa Dar ya Februari, jasho likichuruzika, naiona ni adhabu, kwani joto na jasho huzidisha kuunguza. Lidokeini, ya jeli au ya kubandika, inatia ganzi ndani ya muda mfupi bila kukungojesha wiki, na kidogo sana huingia kwenye damu. Plasta zake za asilimia 5 hukaa kwenye ngozi kwa muda wa saa 12, kisha ngozi hupumzishwa kwa saa 12 nyingine. Kama shida yako iko sehemu moja ya ukubwa wa kiganja, ningeanza na lidokeini kabla ya pilipili. Zote mbili ni za ngozi isiyo na kidonda. Na tafadhali, usitwange pilipili ya mbuzi nyumbani.

Sindano ya kuuzima mshipa hutolewa na daktari bingwa wa usingizi na maumivu. Nafuu yake ni ya saa, siku, au kwa wenye bahati wiki kadhaa. Ni ya mtu aliyejaribu vidonge viwili kwa muda unaotakiwa vikashindikana, si ya kuanzia.

Nguo, na mahali pa kusimama

Ajabu ni kwamba baadhi ya maumivu yangu yalikuwa ya sidiria. Waya na mshono wa pembeni vilikuwa vinapita palepale mshipa ulipojeruhiwa. Nilivaa fulana ya ndani ya pamba iliyogeuzwa, mishono nje, kwa miezi minne. Titi bandia la silikoni linakaa vizuri kwenye nguo, lakini ni zito na lina joto. La kitambaa lililojazwa pamba ni jepesi na linafulika. Anza na la kitambaa mpaka ngozi itulie, silikoni lisubiri harusi.

Kwenye mwendokasi au daladala, ukikosa kiti, egemeza upande uliofanyiwa upasuaji dirishani au kwenye nguzo, ushike bomba kwa mkono mwingine. Mimi mwanzoni nilikuwa nasimama katikati kama zamani. Kiwiko kimoja cha abiria kilinifanya nishuke kituo kisicho changu. Pochi nayo ihamie bega la pili.

Ningemshauri nani aanze na kipi

Mwalimu, karani, fundi cherehani, mtu anayeamka asubuhi ya kawaida na kuungua usiku: amitriptilini miligramu 10 au 25 saa mbili usiku, na kanga mchana. Jirani yangu anayeamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua, asije akasinzia mbele ya karai la mafuta: kitambaa na lidokeini kwanza, akihitaji kidonge, amweleze daktari ratiba yake, na dozi ya kwanza aimeze siku asiyofanya biashara. Shangazi wa miaka 70 mwenye presha ya macho: gabapentini, kwa kipimo kidogo, na figo zipimwe. Anayesumbuliwa na kamba ya kwapani peke yake: fiziotherapia, bila kidonge chochote. Ambaye mkono umevimba: asinunue kitu, aende aonwe kwanza.

Mimi nilimeza amitriptilini kwa miezi saba, nikapunguza kwa mwezi mmoja, sasa sinywi. Shoti zinanirudia mara mbili tatu kwa mwezi, hasa nikiandika ubaoni vipindi vinne mfululizo. Ganzi yenyewe haijaondoka. Kipande cha ukubwa wa kiganja, juu ya kiwiko kwa ndani, bado ni kama ngozi ya mtu mwingine. Daktari alinieleza tangu mwanzo kwamba vidonge, krimu na kanga vinatuliza maumivu, na hakuna hata kimoja kinachorudisha hisia kwenye mshipa uliokatwa. Laiti ningemsikiliza vizuri siku ile, pakiti ya vitamini B isingeingia kwenye droo.